Kenya Law na kiti maalumu kilichobaki wazi: tathmini ya msaidizi wa kisheria

Huduma ninayoitathmini ni tovuti ya Kenya Law, hifadhi ya sheria, hukumu na Gazeti Rasmi la Serikali inayosimamiwa na Baraza la Kitaifa la Kuripoti Sheria, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Ninaipima kwa kazi moja tu, nayo ni kumsaidia mtu ambaye jina lake limo katika orodha ya chama cha kisiasa na ambaye anataka kujua haki yake pale kiti maalumu cha bunge la kaunti kinapobaki wazi kabla ya muhula kwisha. Wakili anayetafuta sheria ya ardhi au ya ushuru atakuwa na vipimo vyake, na huenda akaisifu au kuilaumu kwa mambo ambayo mimi sijawahi kuyagusa. Mimi si wakili. Ni msaidizi wa kisheria katika mojawapo ya kaunti za Pwani, na wanaonijia kwa jambo hili ni wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ambao waliombwa majina yao wakati wa uchaguzi, wakawapigia wengine kampeni, kisha wakasahauliwa mpaka siku kiti kilipobaki wazi na kila kiongozi chamani akawa na jamaa wa kukikalia.

Nianze na kiti chenyewe, kwa sababu ubora wa huduma hii hauonekani bila kujua mtumiaji anatafuta nini. Ibara ya 177 ya Katiba ya 2010 inasema kwamba bunge la kaunti lina wawakilishi waliochaguliwa na wapiga kura katika wadi, na juu yao huongezwa viti maalumu vya kuhakikisha kwamba wanachama wa jinsia moja hawazidi thuluthi mbili, pamoja na viti vya makundi yaliyotengwa, wakiwemo watu wenye ulemavu na vijana. Tuchukue mfano wa hesabu, tukiviweka kando viti vya makundi hayo: kaunti yenye wadi 30 ikichagua wanaume 28 na wanawake 2, bunge lake litahitaji jumla ya wanachama 42 ili wanaume wale 28 wawe thuluthi mbili na wasizidi hapo, kwa hiyo wanawake 12 wataingia kupitia orodha za vyama. Vyama hugawana viti hivyo kwa kadiri ya wadi ambazo kila kimoja kimeshinda katika kaunti ile. Hakuna karatasi ya kura yenye majina ya wanawake hao. Kinachoamua nani anatangulia ni orodha ambayo chama kiliiwasilisha mapema kwa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, na mpangilio wa majina katika orodha hiyo una uzito uleule ambao idadi ya kura inao kwa mwakilishi wa wadi.

Jambo hili halieleweki kwa urahisi mitaani, na ndipo migogoro inapoanzia. Watu wengi, wakiwemo viongozi wa vyama katika ngazi ya kaunti, huamini kwamba kiti maalumu ni mali ya chama, kwamba mwenye kiti akifariki au akijiuzulu chama hukaa kikao na kuteua mtu kimtakaye, kama mwenye duka anavyomtafuta mhudumu mwingine. Sheria haisemi hivyo. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Uchaguzi ya 2011 kinaeleza kwamba mwakilishi aliyetoka katika orodha ya chama akifariki, akijiondoa katika orodha, akihama chama, akijiuzulu au akifukuzwa chamani, kiti chake hugawiwa mtu anayefuata wa jinsia ileile katika orodha hiyohiyo. Orodha ikiwa imekwisha majina, ndipo Tume hukitaka chama kimteue mtu mwingine ndani ya siku 21, na chama kisipotii, kiti hubaki bila mtu kwa muda wote uliosalia wa muhula.

Kifungu hicho nilikisoma kwa mara ya kwanza katika simu yangu, kupitia tovuti hii, nikiwa nimeketi barazani kwa mwalimu mmoja mstaafu wa shule ya chekechea. Ilikuwa katika muhula ulioanza mwaka 2017. Mwalimu alikuwa wa tatu katika orodha ya chama chake. Wa kwanza, mwanamke, ndiye aliyepewa kiti, naye akafariki kabla ya muhula kufika katikati. Wa pili alikuwa mwanamume, kwa kuwa Ibara ya 90 inadai kwamba majina ya wanaume na wanawake yapishane katika orodha. Viongozi wa chama, ambacho sitakitaja, walikuwa wamemwambia mwalimu kwamba asiwe na haraka, kwani wa pili hutangulia wa tatu, na kwamba hata huyo wa pili huenda akapisha jina jipya ambalo wazee wa chama walikuwa wanalitafakari. Alinieleza haya kwa upole, kama mtu anayeripoti msiba wa jirani. Nilipomsomea maneno yale kuhusu anayefuata wa jinsia ileile, nikiyafasiri kwa Kiswahili neno kwa neno, aliniomba simu, akavaa miwani yake, akayatazama mwenyewe ingawa Kiingereza chake si cha sheria. "Mwanangu, kumbe imeandikwa," alisema. "Mimi nilidhani nawaomba hisani."

Ninaanza sifa za huduma hii hapo. Tovuti haitozi ada, haimlazimishi mtu ajisajili ndipo asome, na inampa mwalimu mstaafu maandishi yaleyale ambayo jaji anayasoma. Kabla ya hifadhi kama hii kuwa wazi kwa umma, mtu wa hali yake angehitaji kumlipa wakili ili tu aambiwe kwamba kifungu kipo. Sheria yote ya Uchaguzi imo, ikiwa imegawanywa kwa sehemu na vifungu, na ukiifungua unaona orodha ya vifungu kando ambayo hukupeleka moja kwa moja unakotaka bila kupitia kurasa nyingi. Kwa mtu anayenunua bando la siku moja, hilo ni jambo kubwa. Ninachowasihi watumiaji ni kuangalia kila mara kama wanasoma toleo linalotumika sasa, kwa sababu Sheria ya Uchaguzi imefanyiwa marekebisho mara kadhaa, na nakala za zamani zinazozungukazunguka katika vikundi vya simu zimewapoteza wengi.

Hata hivyo kifungu peke yake hakimalizi mgogoro. Kinachoumiza vichwa katika viti maalumu ni swali la mahali pa kupeleka malalamiko, na kwa swali hilo hakuna kitabu cha mtaani chenye faida kuliko hukumu zenyewe. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013, uliokuwa wa kwanza chini ya Katiba mpya, watu walikimbilia kila mlango: wengine Tume, wengine Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa, wengine Mahakama Kuu kwa madai ya kuvunjwa haki za kikatiba, wengine kwa hakimu. Majina yaliyochapishwa yalipingwa, na mtu alala akiwa mwakilishi akaamka akisikia kwamba mwingine amepewa kiti chake. Mwaka 2014, katika kesi ya Linet Kemunto Nyakeriga na mwenzake dhidi ya Ben Njoroge na wenzake wawili, iliyohusu uteuzi wa Seneti, Mahakama ya Rufaa ilisema kwamba jina likishachapishwa katika Gazeti Rasmi, uhalali wa uanachama huo unapingwa kwa kesi ya uchaguzi na kwa njia hiyo tu.

Hukumu ambayo ninamshauri kila mtu aliye katika orodha ya chama aisome, hata kama atahitaji msaada wa kuifasiri, ni ile ya Mahakama ya Juu ya Aprili 2016, kati ya Moses Mwicigi na wenzake 14 na Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka na wenzake. Ilitokana na viti vya uteuzi katika Bunge la Kaunti ya Nyandarua. Ni ndefu, ina aya zaidi ya 100, lakini uti wa mgongo wake uko katika aya chache kuanzia ile ya 100 hivi kwenda mbele. Majaji walisema kwamba Katiba inatambua njia mbili za uchaguzi, ile ya wananchi kupiga kura na ile ya uteuzi kupitia orodha ya chama, na kwamba kuchapishwa kwa jina katika Gazeti Rasmi ndiko kunakoukamilisha uchaguzi wa namna ya pili. Tangazo hilo hufunga mamlaka ya Tume juu ya uteuzi, na kuanzia hapo mgogoro huhamia kwa mahakama ya uchaguzi. Ukiielewa hoja hii umeelewa karibu kila kitu, kwa maana tarehe moja katika gazeti inagawa dunia ya mlalamikaji katika nusu mbili.

Kabla ya tarehe ile, njia ni ya chama. Mlalamikaji anapaswa kwanza kujaribu utaratibu wa ndani wa chama chake, naye awe na ushahidi wa kujaribu, kisha aende kwa Jopo, ambalo chini ya Sheria ya Vyama vya Kisiasa linatarajiwa kuamua ndani ya miezi 3, na asiporidhika akate rufaa Mahakama Kuu. Baada ya tarehe ile, njia ni ya hakimu mkazi aliyeteuliwa na Jaji Mkuu kusikiliza kesi za wawakilishi wadi. Kesi hufunguliwa ndani ya siku 28, dhamana ya gharama ya shilingi 100,000 huwekwa ndani ya siku 10 baada ya kufungua kesi, hukumu hutolewa ndani ya miezi 6, na rufaa kwenda Mahakama Kuu huruhusiwa kwa hoja za kisheria tu. Anayefika kwa Jopo siku moja baada ya Gazeti kuchapishwa huambiwa kwamba amekosea mlango, na akirudi nyuma kutafuta mlango sahihi huku siku zinahesabika, anaweza kuukuta umefungwa. Nimewaona watu wawili ambao hoja zao zilikuwa na nguvu wakipoteza kila kitu kwa njia hiyo, na uchungu wao haukuwa wa kushindwa, bali wa kutosikilizwa kabisa.

Kwa sababu hiyo, sehemu ya Kenya Law ambayo ninaithamini kuliko zote ni Gazeti Rasmi, ambalo wengi hawajui hata kwamba limo humo. Matoleo yamepangwa kwa miaka, kila toleo lina tarehe na namba, na unaweza kulipakua likiwa katika umbo lilelile lililopigwa chapa. Gazeti hutoka Ijumaa, na mara kwa mara hutoka toleo maalumu katikati ya wiki. Majina ya walioteuliwa katika mabunge ya kaunti baada ya uchaguzi wa Agosti 2017 yalitoka tarehe 28 Agosti mwaka huo, na ya baada ya uchaguzi wa Agosti 2022 yalitoka tarehe 9 Septemba. Lakini tangazo la kujaza kiti kimoja kilichobaki wazi katikati ya muhula halina kishindo kama hicho. Huwa ni mistari michache tu, iliyofichika kati ya matangazo ya hati miliki za ardhi zilizopotea na ya mirathi. Magazeti ya habari hayalitaji, redio hailisomi, na siku zinazohesabiwa hazimngojei mtu apate habari. Niliona haraka kwamba kazi yangu kwa mwalimu isingekuwa kuandika barua tu, bali kufungua tovuti kila Ijumaa jioni na kulipitia toleo la wiki hiyo kuanzia mwanzo hadi mwisho, nikitafuta jina la kaunti yetu.

Katika kazi hiyo huduma ilinifaa, ingawa kwa jasho. Matoleo ni mafaili makubwa, na anayetumia simu ya bei nafuu katika eneo lenye mtandao hafifu atachoka. Nilijifunza kwenda saiba, kulipakua toleo kwenye kompyuta na kutafuta neno kwa neno ndani ya faili lenyewe. Kwa matoleo ya miaka ya zamani ambayo kurasa zake ni picha za karatasi, utafutaji wa namna hiyo si wa kutegemewa, na mtu hana budi kusoma kwa macho. Ninalitaja hili kwa sababu mtu anayetumia utafutaji peke yake, akikosa jina lake, anaweza kuamini kwamba halijachapishwa, na imani hiyo inaweza kumgharimu siku 28 zote.

Mwisho wa habari ya mwalimu ulikuwa huu: tuliandika barua kwa chama tukinukuu kifungu cha 37, tukaambatisha ukurasa wa Gazeti wenye jina la marehemu na aina ya kiti alichokuwa nacho, tukaomba utaratibu wa ndani wa chama utumike, na tukasema wazi kwamba tungeenda kwa Jopo kabla ya tangazo lolote kutoka. Hatukuwa na wakili. Viongozi walikaa kimya kwa majuma, kisha jina jipya likaachwa. Jina la mwalimu lilipochapishwa nililiona Ijumaa usiku, nikampigia simu akiwa ameshalala.

Sasa niseme penye upungufu, na upungufu mkubwa kuliko wote ni lugha. Ibara ya 7 ya Katiba inasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi za Jamhuri. Hata hivyo anayefungua hifadhi hii anakuta karibu kila hukumu, kila sheria na kila tangazo likiwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mahakamani ambacho hata mhitimu wa chuo hukirudia mara mbili. Ninajua kwamba hifadhi huchapisha inachopewa, na kwamba jaji akiandika kwa Kiingereza si kazi ya mchapishaji kuibadili hukumu. Lakini muhtasari unaotangulia hukumu ni kazi ya waandaaji, na hapo hakuna kinachozuia Kiswahili. Muhtasari wa kurasa 2 wa hukumu ya Mwicigi kwa Kiswahili sanifu, ukieleza tarehe ya Gazeti ina maana gani na mlalamikaji aende wapi, ungewaokoa watu wengi kuliko semina zote ambazo nimehudhuria kuhusu uongozi wa wanawake. Wenzetu wa Tanzania, baada ya sheria kurekebishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, wana hukumu zilizoandikwa kwa Kiswahili katika hifadhi yao ya TanzLII, na mtu akizisoma anaona kwamba lugha yetu inabeba hoja za kisheria bila kulemewa.

Upungufu wa pili hauwezi kuitwa kosa la tovuti, lakini mtumiaji lazima aujue mapema. Gazeti huchapisha majina ya waliopata viti. Mpangilio kamili wa orodha ya chama, pamoja na majina ya wanaosubiri nyuma yao, ni jambo la kutafutwa kwa Tume. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na kifungu, hukumu na tangazo, na bado akakosa karatasi moja inayothibitisha kwamba yeye ndiye anayefuata. Kila ninayemshauri sasa humwambia achukue nakala ya orodha mapema, wakati inapowasilishwa na kutangazwa, aitie katika bahasha pamoja na kitambulisho chake na risiti ya uanachama. Wakati wa mgogoro kila mtu huwa na orodha yake, na hazilingani.

Vilevile hifadhi imejengwa zaidi juu ya hukumu za mahakama za juu, ilhali kesi za wawakilishi wadi huanzia kwa hakimu na nyingi huishia huko. Msomaji hupata picha ya migogoro kupitia ile michache iliyopanda hadi Mahakama Kuu na zaidi, na asipokuwa mwangalifu anaweza kudhani kwamba hiyo ndiyo picha nzima.

Kuna jambo jingine ambalo maandishi ya sheria, hata yakiwekwa vizuri namna gani, hayawezi kulisema. Muda wa mwenyekiti wa Tume, Wafula Chebukati, ulikwisha Januari 2023, na Tume ikakaa bila makamishna mpaka Julai 2025, mwenyekiti mpya Erastus Edung Ethekon na wenzake walipoapishwa. Katika muda huo wote kifungu cha 37 kilikuwa palepale katika tovuti, hakikubadilika hata nukta, kikiendelea kusema kwamba kiti hugawiwa anayefuata. Wananchi wa maeneo kama Magarini, katika Kaunti ya Kilifi, walisubiri mpaka chaguzi ndogo za tarehe 27 Novemba 2025 ndipo wapige kura. Mtu aliye katika orodha ya chama alikuwa na haki iliyoandikwa waziwazi, huku swali la nani mwenye mamlaka ya kuitekeleza likiwa zito kuliko haki yenyewe. Msomaji anayefungua kifungu kile bila kujua habari hizi angehisi kwamba amefika, kumbe yuko nusu ya njia. Ningependa kuona, kando ya vifungu kama hivi, maelezo mafupi yanayomwelekeza msomaji kwa hukumu zilizokitafsiri kifungu na kwa hali ya chombo kinachotajwa.

Katika toleo jipya la tovuti kuna hatua ya kutia moyo kuelekea huko, kwa kuwa chini ya hukumu unaweza kuona nyaraka zilizotajwa ndani yake na zile zilizokuja baadaye zikiitaja. Kwa migogoro ya viti maalumu, huu ni msaada wa kweli. Ukianza na Mwicigi unaweza kufuata mkondo wa hukumu zilizoitumia baada ya uchaguzi wa 2017 na wa 2022, ukaona mahakama zimeitumiaje kwa mtu aliyefukuzwa chamani, kwa aliyeondolewa katika orodha, na kwa aliyerukwa. Namna ya kutaja hukumu nayo imebadilika: zile za zamani zina alama ya eKLR, na mpya zina vifupisho vya mahakama, kama KESC kwa Mahakama ya Juu, KECA kwa Mahakama ya Rufaa na KEHC kwa Mahakama Kuu. Mgeni atatatanishwa kidogo siku ya kwanza, lakini baada ya hapo atatambua kwa jicho moja hukumu ipi ina nguvu juu ya nyingine.

Nitilie mkazo suala la kufukuzwa, kwa sababu ndilo linaloleta kesi ngumu kuliko kifo au kujiuzulu. Mwenye kiti akifariki, hakuna anayebishana kama kiti ki wazi. Akifukuzwa, yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kubisha, na ana haki ya kubisha: chama kinapaswa kumsikiliza kabla ya kumwondoa, na anaweza kwenda kwa Jopo na mahakamani kuomba uamuzi huo usimamishwe. Amri ya kusimamisha ikitolewa, kiti hakiko wazi, na yule anayefuata katika orodha anakuwa anasubiri kesi ambayo huenda yeye si mhusika wake. Kwa hiyo usitafute jina lako tu katika hifadhi. Tafuta jina la mwenye kiti, jina la chama, na jina la kaunti, kila moja peke yake. Mama mmoja mwenye ulemavu alinijia akiwa na furaha kwamba mwenye kiti ametimuliwa, na tulipotafuta kwa jina la huyo aliyetimuliwa tukakuta amri ya Mahakama Kuu ya juma lililotangulia. Ilinibidi nimweleze kwamba kiti bado kina mwenyewe. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniambia, "Basi tuseme asante kwamba nimejua kabla sijauza mbuzi wa nauli ya Nairobi."

Je, huduma hii inamfaa nani? Inamfaa msaidizi wa kisheria, mwanahabari wa kaunti, karani wa chama aliye mwaminifu, na mtu yeyote aliye katika orodha ambaye ana mtoto au jirani wa kumfasiria. Inamfaa pia mwanamke anayeombwa leo aweke jina lake katika orodha, kabla hajatia saini, ili ajue kwamba nafasi ya tano na nafasi ya tisa si kitu kimoja. Haimfai anayedhani kwamba kusoma hukumu kunatosha kumsimamia mbele ya hakimu. Siku kesi inapofunguliwa na shilingi 100,000 zinapohitajika, wakili naye anahitajika, na gharama hiyo hakuna tovuti inayoweza kuipunguza.

Kwa upana wa yaliyomo na kwa kuwa haitozi chochote, ninaipa nyota 5. Kwa urahisi wa kutafuta katika Gazeti nikitumia simu, ninaipa 3. Kwa lugha ninaipa nyota 1, nayo nitaiongeza siku nitakapofungua hukumu ya kiti maalumu na kukuta juu yake aya chache za Kiswahili ambazo mwalimu wangu anaweza kuzisoma mwenyewe, bila mimi kuketi kando yake.